Sailensa haikai lakini mwendo mkubwa uko sawa: je, taimingi imehama?

Swali: Nina mashine ya boti ya zamani, tu-stroki ya silinda mbili, nguvu za farasi 25, kabureta moja. Ikishika kasi inavuta vizuri tu, lakini sailensa, yaani mwendo wa chini nikiwa nimeachia mafuta, haikai. Nikiishusha inazima mara ninapoingiza gia. Nikiipandisha gia inaingia kwa kishindo hadi boti inaruka. Kabureta nimeifungua na kuisafisha mara mbili, plagi ni mpya. Fundi anasema taimingi, yaani wakati moto wa plagi unapotoka, imehama, anataka kulegeza pleti iliyo chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) aisogeze. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu bado. Huenda fundi wako ana sababu zake, ila kwa dalili ulizoeleza, kusogeza pleti ni hatua ya mbali sana, na ukianza nayo utapoteza alama ya mahali ulipotoka.

Jambo la maana kuliko yote umelitaja kwa kupita tu: ikishika kasi inavuta vizuri. Taimingi ikihama kwa sababu kii ya flaiwili (kipande kidogo cha chuma kinachoiweka mahali pake) imekatika kidogo au pleti imeteleza, inahama kwa kiasi kilekile kwenye mwendo wote, wa chini na wa juu. Ungeona mashine imelegea ikifunguliwa mafuta yote, au kamba ya kuwashia inakurudisha mkono, au inawaka kwa shida. Hujataja hata kimoja. Kwa hiyo tutafute kitu kinachoharibika mwendo wa chini peke yake, na vitu vya namna hiyo si vingi.

Kwanza uelewe sailensa ya mashine hizi inapatikanaje, maana si kama gari. Kwenye gari la kabureta unapandisha sailensa kwa kuifungua bataflai, kile kifuniko cha ndani ya kabureta, kidogo. Kwenye tu-stroki nyingi za boti za umri huo, bataflai ikiwa sailensa imefunga kabisa au karibu kabisa, na anayeamua mashine izunguke kwa kasi gani ni moto wa plagi. Pleti iliyobeba pointi (swichi ndogo zinazofunguka kutoa moto), au iliyobeba koili ndogo ya kutoa ishara kama mashine yako ni ya CDI (moto wa elektroniki usio na pointi), inazunguka pamoja na mkono wa mafuta. Mkono ukiwa chini, moto unatoka pistoni ikiwa karibu na kilele, na mashine nyingine hata digrii chache baada ya kilele. Ukianza kufungua mafuta, pleti inatangulia kuuwahisha moto, kisha kemu, kipande chenye mkunjo kinachosogea na pleti, inaisukuma rola ya kabureta na bataflai ndipo inapoanza kufunguka. Ukifungua yote, pleti inagonga kizuizi chake na moto unatoka mapema, kwa mashine nyingi digrii 20 na kitu hadi 30 na kitu kabla ya kilele.

Ndiyo maana ile skrubu unayoigeuza ukidhani unaongeza mafuta ya sailensa, kwenye mashine nyingi inaamua tu pleti isimame wapi inaporudi. Ukiikaza unawahisha moto, mashine inapanda, unafurahi. Kumbe silinda moja haifanyi kazi na nyingine imebebeshwa mzigo wote. Hicho ndicho ninachokishuku kwako. Mashine ya silinda mbili inaweza kuzunguka kwa silinda moja ikiwa haina mzigo, ikatetemeka kidogo, na mtu akasema ni uzee. Ukiingiza gia, propela inadai nguvu ambayo haipo, inazima. Ukipandisha mwendo, silinda iliyolala inaamka na kila kitu kinakuwa shwari.

Kuthibitisha hilo kazi yake ni ya dakika chache, ila maji yawepo: mashine iwe kwenye pipa kubwa au boti imefungwa imara gatini, isiwashwe kavu hata kidogo kwa sababu impela (feni ya mpira) ya pampu ya maji inaungua upesi sana. Kamba ya kuzimia iwe mkononi, mikono na nguo mbali na flaiwili. Iache ipate joto kwanza. Halafu, ikiwa sailensa, ondoa silinda moja moja kazini: kofia ya plagi ichomolewe kwa koleo lenye mpini wa mpira na waya wake uwe umegusishwa kwenye bodi kupitia kipima moto. Usiuache waya ukining'inia hewani, hasa kwenye CDI, kwani moto usiopata pa kwenda unatafuta njia ndani ya koili au ndani ya kisanduku chenyewe cha CDI, na kisanduku kikiungua basi tatizo limekuwa jipya. Silinda nzima ukiitoa kazini mashine inashuka au inazima. Silinda iliyokufa ukiitoa, mashine haioni tofauti.

Na hapa kabureta yako inatusaidia kufikiri. Ni moja, inalisha silinda zote mbili kwa njia ileile. Kama silinda moja ndiyo mgonjwa, kabureta haina kesi, na kuisafisha mara ya tatu ni kupoteza petroli. Kama zote mbili zinayumba sawasawa, hapo kabureta, hewa inayopenya mahali, au taimingi ya jumla ndiyo inarudi mezani.

Kabla hujaenda popote, pima kompresheni. Plagi zote mbili nje, nyaya zimegusishwa kwenye bodi, mafuta yamefunguliwa yote, vuta kamba mpaka gegi isipande tena. Kitabu cha mashine yako ndicho kitakachosema namba sahihi. Mimi naangalia zaidi tofauti ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, acha habari za sailensa. Una ringi zilizoganda, gasketi au pistoni, na hakuna skrubu itakayolirekebisha hilo.

Kisha moto. Plagi mpya si ushahidi kwamba moto upo. Tumia kipima moto chenye pengo la hewa: mfumo wa pointi uruke milimita 6 bila kusitasita, CDI nyingi ziruke kama milimita 10, na moto uwe wa bluu unaolia "tap", usiwe uzi mwekundu. Pima silinda zote mbili ulinganishe.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka, na ambayo kwa dalili zako ndiyo ninayoishuku zaidi. Pleti ile inapozunguka inavuta nyaya zake. Kila ukifungua na kufunga mafuta, nyaya zinajikunja palepale, mwaka baada ya mwaka, kwenye joto la injini. Mwishowe shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Pleti ikiwa upande wa mwendo mkubwa, ncha mbili za shaba zinagusana na moto unapita. Ikirudi sailensa, waya unavutika, ncha zinaachana, silinda inakufa. Fungua soketi ya nyaya za pleti, weka multimita kwenye omu, kisha mtu asogeze mkono wa mafuta polepole toka mwanzo hadi mwisho huku wewe ukizitikisa nyaya kwa kidole. Namba isirukeruke. Kwa mfumo wa pointi, weka kipande cha karatasi ngumu kati ya pointi ili zisifunge, halafu pima waya toka mwisho hadi mwisho kwa namna hiyohiyo. Ikiruka, umempata mwizi bila kugusa taimingi.

Ukiwa hapo angalia pia kama pleti inarudi yenyewe hadi kwenye kizuizi chake. Grisi iliyokauka chini yake inakuwa kama gundi, na vile vikombe vya plastiki vya viungo vya mkono huliwa mpaka vinacheza. Pleti isiporudi mahali palepale kila mara, sailensa leo itakuwa hivi na kesho vile, nawe utaendelea kuilaumu skrubu.

Kama kazi itadai flaiwili itoke, itoke kwa pula inayofungwa kwa bolti kwenye matundu ya katikati. Pula ya kushika ukingo inapinda flaiwili, na nyundo juu ya krankishafti ni njia ya kununua bearingi. Ukiitoa, angalia mambo mawili. Kii: ipitishe kucha ubavuni, na ukihisi ngazi hata ndogo, imeshaanza kukatika, ibadilishe kwa ya mashine hiyohiyo. La pili ni hali ya mahali pale. Chini ya flaiwili panatakiwa pakavu. Ukikuta ukungu wa oili umetapakaa juu ya pleti na pointi, sili ya juu ya krankishafti imechoka. Silinda ya juu inapumua hewa ya pembeni, mchanganyiko wake unakuwa mwembamba, na hilo linaumiza sailensa kuliko mwendo mwingine wowote. Unaporudisha flaiwili, koni ya shafti na ya flaiwili zifutwe mpaka ziwe kavu kabisa, bila grisi, na nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu. Kinachoishika flaiwili ni msuguano wa koni mbili. Kii kazi yake ni kuiweka mahali pake tu. Nati iliyolegea ndiyo inayokata kii.

Kama ni ya pointi, pengo la pointi na taimingi ni kitu kimoja, watu hulisahau hili. Pengo likiwa pana, pointi zinafunguka mapema na moto unawahi. Likiwa jembamba, moto unachelewa. Mashine nyingi za pointi za aina hii hutumia pengo la karibu milimita 0.5, lakini fuata kitabu. Kubwa zaidi ni kwamba seti mbili zilingane. Mwanya ukitofautiana kidogo tu, silinda moja inawaka digrii kadhaa kabla ya mwenzake na sailensa inakuwa ya kuchechemea. Baada ya kuziweka kwa filagegi (vibapa vya kupimia mwanya), zihakiki kwa flaiwili: zungusha kwa mkono, multimita ikionyesha pointi za silinda ya juu zinafunguka weka alama, kisha za chini. Alama mbili lazima ziwe nusu mzunguko kamili. Flaiwili yenye mzingo wa milimita 720, kwa mfano, zitakuwa milimita 360 mbali, na kila digrii moja ni milimita 2 ukingoni, kwa hiyo utepe wa kupimia nguo unatosha kukuambia umekosea digrii ngapi. Pointi zilizoungua na kuota kilima upande mmoja zinaishtaki kondensa, kifaa kinachopunguza cheche kwenye pointi. Badilisha vyote viwili. Za kusafisha tu zipitishie kadi kavu katikati, zisiachwe na alama ya kidole.

Kama silinda iliyolala ina moto mzuri na kompresheni nzuri, tazama kwenye mdomo wa kabureta kwa tochi mashine ikiwa sailensa. Ukungu mdogo wa petroli kurudi nje si ajabu kwa tu-stroki. Ukitoka kwa wingi kama mtu anayepiga chafya mfululizo, zile bapa nyembamba za chuma zilizo nyuma ya kabureta, ridi, haziketi vizuri au moja imemeguka. Mwendo mkubwa hauzijali sana. Sailensa inazijali mno. Zitoe uzitazame kwenye mwanga: zikae bapa juu ya kitako, mwanya usizidi takriban milimita 0.2 kwa mashine nyingi, na usijaribu kuzigeuza upande wa pili ili zikae. Ridi iliyogeuzwa inavunjika, na kipande chake kinaingia ndani.

Ukishamaliza yote hayo ndipo taimingi yenyewe inapimwa, na inapimwa kabla ya kusogezwa. Alama ya kilele kwenye flaiwili usiiamini mpaka uihakiki, hasa mashine ikiwa imeshafunguliwa na watu wengi. Toa plagi zote, na kwenye silinda ya juu ingiza kizuizi cha pistoni: bolti yenye nyuzi sawa na za plagi, ncha yake imelainishwa, ikiingia kiasi cha kuizuia pistoni kabla haijafika juu. Zungusha flaiwili taratibu kwa mkono, usitumie stata, mpaka pistoni iguse. Weka alama ukingoni mkabala na mshale. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Kilele halisi ni katikati ya alama hizo mbili. Kama mshale na alama ya kiwandani havikutani hapo, rekebisha mshale, vinginevyo taa ya taimingi, inayomulika kila moto unapotoka, itakudanganya kwa uhakika mkubwa.

Taa inafungwa kwenye waya wa silinda ya juu. Sailensa na mwisho wa kuwahisha vina vizuizi tofauti, kila kimoja na skrubu yake, na mashine nyingi pleti haina nafasi ya kuilegeza na kuisogeza kama fundi wako anavyotaka. Mahali pake panaamuliwa na fito na vizuizi hivyo. Kama yako inayo, mwambie akwaruze mstari mmoja unaovuka pleti na mahali ilipokalia kabla hajagusa skrubu. Mwisho wa kuwahisha ndio wa kuuheshimu. Digrii chache za ziada hapo huzisikii kwa sikio. Zinatoboa pistoni, na dalili ya mapema ni vichembe vya rangi ya fedha kwenye kauri ya plagi, ambavyo ni alumini ya pistoni yenyewe. Kwa kuwa mwendo wako mkubwa uko vizuri, kizuizi hicho kihakikishwe tu. Na usifungue mafuta yote mashine ikiwa nchi kavu kwenye masikio ya mpira wa maji (vikombe vya kuingizia maji ya bomba) bila mzigo, itazunguka kupita kiasi chake na kuvunjika. Baadhi ya vitabu vinatoa njia ya kupima wakati wa kuchapa stata plagi zikiwa nje, na hiyo ni salama zaidi.

Kisha kemu na rola. Sogeza mkono wa mafuta polepole huku jicho likiwa kwenye rola. Kemu ina alama, mstari au nukta, na rola iiguse kemu alama ikiwa katikati yake, bataflai ikianza kutikisika wakati huohuo na si kabla. Rola ikigusa mapema, bataflai inakaa wazi kwenye sailensa, kasi inapanda, na mtu anaishusha kwa kuchelewesha moto mno. Nadhani jambo kama hili limeshafanyika kwako, kwa kuwa sailensa yako ina hali mbili tu, kuzima au kishindo.

Skrubu ya mchanganyiko ni ya mwisho kabisa. Ifunge kwa vidole mpaka iketi, bila kuikaza, irudishe mzunguko mmoja na nusu kama kitabu hakisemi vingine. Mashine ipate joto, iwe ndani ya maji kina cha kawaida na ndani ya gia, maana mkandamizo wa moshi chini ya maji unabadilisha mchanganyiko na sailensa iliyowekwa nje ya maji haidumu. Geuza robo ya nusu mzunguko, yaani kidogo sana, kisha subiri sekunde kumi na tano. Tu-stroki inachelewa kujibu kwa sababu petroli inapita kwanza kwenye kasha la kranki. Ikipungua petroli, mashine inakohoa kupitia kabureta na inazima ghafla unapofungua mafuta. Ikizidi, inanguruma kizito, inatetemeka, na baada ya dakika moja ya sailensa inajikwaa kabla ya kupanda. Tafuta katikati, halafu ongeza petroli kidogo kupita hapo. Angalia tu kwamba kabureta nyingine skrubu hiyo ni ya hewa, si ya petroli, na upande wa kugeuza unakuwa kinyume.

Ndipo uweke kasi. Mashine nyingi za ukubwa huo hukaa mizunguko 650 hadi 800 kwa dakika zikiwa kwenye gia. Kwa kasi hiyo gia iingizwe kwa mkono wa haraka na wa uhakika; kuiingiza polepole kwa huruma ndiko kunakosaga meno yake.

Kama sailensa itakaa vizuri mashine ikiwa baridi na kuharibika baada ya nusu saa, pima koili na ile koili ya ishara zikiwa bado za moto, kwa sababu zikipoa zitakupa namba nzuri tena. Ukiniandikia nieleze silinda ipi ilikufa kwenye jaribio la kofia, kompresheni za zote mbili, na kama ni pointi au CDI.